Mwenye Njia

Teknolojia ya kidijitali husifiwa kwa kumwondoa mtu wa kati. Mkulima wa mpunga wa Bukene, tunaambiwa, sasa anamuuzia mnunuzi wa Mwanza bila dalali, na fedha zake zinamfikia papo hapo. Lakini mtu wa kati hajaondoka. Amehamia njiani, na historia ya Unyamwezi, nchi inayozunguka Tabora, inafundisha kuwa anayeishika njia ndiye anayeishika biashara. Katika karne ya 19 misafara ilitembea takriban miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, wapagazi wakibeba vitambaa na shanga kwenda bara na pembe za ndovu kurudi pwani, huku watawala wa njiani wakidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Mwaka 1871 Mirambo, mmoja wa watemi wa Wanyamwezi, alipoifunga njia ya kwenda Ujiji, matajiri wa Tabora walikwama, pamoja na bunduki zao na bidhaa walizokopeshwa Unguja.

Njia ya leo inapita kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu. Mteja anaingiza namba ya wakala, kiasi na namba ya siri. Ujumbe unaingia, na kabla hajahesabu noti zake, makato yameshachukuliwa. Julai 2021 serikali nayo iliweka tozo yake juu ya miamala hiyo, na wananchi walipolalamika ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Hata hivyo, makato ni sehemu ndogo ya nguvu ya mwenye njia. Mirambo hakuweza kumkumbuka kila mpita njia. Mfumo wa simu unakumbuka nani alimtumia nani, lini na kiasi gani, na kutokana na kumbukumbu hiyo unaamua nani akopeshwe. Pale kumbukumbu inapokosa msimamizi, mdaiwa huaibishwa mbele ya ndugu na marafiki ambao namba zao zilichotwa kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Wapo watakaosema kampuni za simu zilijenga minara kwa mtaji wao, hivyo zina haki ya kutoza. Ni kweli, zilipwe. Lakini mnara usio na watumiaji ni chuma tu. Thamani yake huletwa na umati unaoutumia. Huduma ya fedha za simu ya Tigo Pesa ilipoanza mwaka 2014 kuwagawia wateja faida iliyotokana na fedha zao zilizowekwa benki, ilithibitisha kwamba salio dogo la kila mtu, likijumlishwa, huzaa mali. Wengine watasema asiyeridhika ahame. Lakini kabla ya mitandao kuunganishwa, angehamia wapi, ikiwa wanunuzi na ndugu zake wote walikuwa kwenye mtandao uleule? Mwaka huohuo wa 2014 mitandao kadhaa nchini ilianza kukubaliana kupokeleana fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kumbe kuta zile kati ya mitandao zilikuwa uamuzi wa watu, na watu waliweza kuzibomoa.

Kwa hiyo anayejenga njia anastahili ujira, lakini hastahili utawala usiohojiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa pa kuanzia. Tuitumie: tudai kujua tunakatwa nini, kumbukumbu zetu anazo nani, na anayenyimwa mkopo na mashine akate rufaa kwa nani. Njia inayopitwa na wote lazima iwajibike kwa wote.