Mkono Unaosikia

Kiswahili kina neno moja linalobeba sikio na ngozi kwa pamoja. Nasikia kelele, nasikia baridi, nasikia harufu, nasikia uchungu. Walimu wa tai chi wa China nao hukitumia kitenzi chao cha kusikiliza kwa namna iyo hiyo: mkono uliotulia juu ya mkono wa mwenzako "unasikiliza" uzito wake unaelekea wapi.

Zoezi la kunoa usikivu huo huitwa tuishou, yaani kusukumana mikono. Wawili wanasimama uso kwa uso, kila mmoja mguu mmoja mbele, migongo ya viganja imegusana. Wanazungusha polepole kama wanaosaga nafaka kwa jiwe. Mara mmoja anasukuma. Ukikaza bega umemkabidhi mpini: anapitia bega hilo hilo, na unajikuta umerudi nyuma hatua tatu hadi ukutani. Ukilegeza kiuno na kugeuka, nguvu yake inakupita kando na yeye ndiye anayepepesuka. Hakuna mjadala hapo. Kama ulidhani umetulia kumbe hukutulia, ukuta umeshakujulisha.

Nimeanza na zoezi hili kwa sababu wengi wanaofundisha sanaa za ndani za mapigano, yaani tai chi, xingyi na bagua, hufundisha pia uponyaji wa nishati. Kiganja kinawekwa juu ya mgonjwa, au kinaelea sentimita chache kutoka mwilini mwake, na inasemekana chi, yaani nishati hiyo, inatiririka. Undugu huo una mizizi. Kusini mwa China mpiganaji na muunga mifupa mara nyingi alikuwa mtu mmoja. Anayejua kuvunja hana budi kujua kuunga. Zheng Manqing, mwanafunzi wa Yang Chengfu, alikuwa tabibu, mchoraji na mshairi. Alipohamia New York mwaka 1964 alifika huko na vyote hivyo pamoja na tai chi yake.

Sina haja ya kubishana kama chi ipo. Mchina akitaja hali ya hewa, neno lake lina chi ndani. Akisema fulani amekasirika, chi imo tena. Sisi tuna roho. Huyu ana roho mbaya, yule roho yake iko juu, mwingine ana roho ya korosho, na hajatokea mtu wa kutaka roho hiyo iwekwe kwenye mizani. Maneno ya aina hii yana kazi halali: yanafunga mambo mengi ya mwili na hisia katika tita moja ili tuweze kuyazungumza. Mwalimu akiniambia "shusha chi", mabega yangu yanashuka na pumzi inafika tumboni. Ameniongoza vizuri, hata kama hakuna kitu kilichosafiri. Lakini akimwambia mgonjwa kwamba anamtumia chi kutoka kiganjani, hapo ameacha kuongoza, ameanza kudai. Amesema kuna kitu, kimetoka hapa, kimefika pale. Dai kama hilo lina deni.

Aliyekuja kudai deni hilo alikuwa mtoto. Kuanzia mwaka 1996 Emily Rosa, binti wa miaka tisa wa Colorado, Marekani, aliwakaribisha mezani watu waliotumia njia iliyoanzishwa na Dolores Krieger na Dora Kunz miaka ya 1970. Njia hiyo huitwa Mguso wa Tiba, ingawa kwa kawaida mkono haugusi. Hupita juu ya mwili ukitafuta nishati yake. Walipitisha mikono yao kwenye matundu ya ukuta wa kadibodi, viganja vikitazama juu. Upande wa pili, Emily alirusha sarafu kuamua, kisha akaweka mkono wake juu ya mmoja wa mikono yao bila kuugusa. Upo juu ya upi, wa kulia au wa kushoto? Wahudumu 21 walijaribu mara 280. Walipatia mara 123, sawa na asilimia 44. Wangebahatisha tu wangekaribia nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Hakupima kama wagonjwa hupata nafuu. Alipima jambo moja dogo: je, mkono unasikia kile unachosema unasikia?

Siamini kwamba wale watu walikuwa matapeli. Matapeli wasingekubali kukaa pale. Kinachonishughulisha ni miaka waliyoifanya kazi hiyo bila kujua, na jibu ninaloliona ni kwamba hakuna aliyewahi kuwasukuma. Mgonjwa hasukumi. Amekuja akitaka kupona, amelala kwenye chumba kimya, na ukimuuliza anasikia nini, atakuambia anasikia joto. Maumivu yakipungua kesho, sifa ni zako. Yasipopungua, nishati bado inafanya kazi. Kila njia inarudi kwako, na ukuta haupo.

Mpiganaji naye asicheke mapema. Huko Japani, mwalimu Yanagi Ryuken alikuwa na wanafunzi walioanguka kabla hajawagusa. Yeye anapunga mkono, wao wanabiringika. Mwaka 2006 alikabiliana na mpiganaji asiyekuwa mwanafunzi wake, na ngumi zilimfikia usoni kama zinavyomfikia mtu yeyote. Mwaka 2017, mjini Chengdu, China, mpiganaji Xu Xiaodong alimwangusha mwalimu wa tai chi, Wei Lei, kwa muda usiofika nusu dakika. Sisi tuliolelewa kwa filamu za Bruce Lee tuliitazama video ya pambano hilo kwa huzuni kidogo.

Wale wanafunzi wa Yanagi ndio wanaonipa shida zaidi. Hawakutumwa kudanganya. Heshima iliwaangusha. Mwanafunzi mwenye adabu hujifunza haraka mwalimu anapenda nini, na mwili wake huanza kukitoa kabla hajaombwa. Kumbe hata tuishou, zoezi nililolisifu hapo juu, linaweza kugeuka kitanda cha mgonjwa: mmoja anaamini, mwingine anaaminiwa, na hakuna anayesikia. Zheng aliwahimiza wanafunzi wake wawekeze katika kushindwa. Mwalimu mwenyewe huacha kuwekeza lini? Mara nyingi siku anayoanza kuitwa mwalimu.

Hata hivyo, faida ya tai chi yenyewe si ya kubahatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika New England Journal of Medicine ulifuatilia watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson kwa miezi sita. Waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki walipata uthabiti zaidi wa kusimama kuliko waliofanya mazoezi ya uzito au ya kunyoosha viungo. Nafuu hiyo waliitolea jasho kwa miguu yao wenyewe.

Kwa hiyo wewe unayefundisha yote mawili, ngumi asubuhi na uponyaji jioni, nina ombi kwako. Mruhusu mgeni asiyekujua akusukume kwa nguvu zake zote. Mgonjwa ambaye hakupata nafuu mwandike daftarini kama unavyomwandika aliyepata. Ukimkuta mgonjwa ana uvimbe, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kisha tafuta kipande cha kadibodi, sarafu moja na mtoto asiyekuogopa, uketi naye mezani.