Andika kwa Mdomo Wako, Mtu wa Mara

Wewe unayeandika usiku pale Musoma, Nyasho au Bweri, kwenye daftari au kwenye simu, kisha unafuta kila kitu kwa sababu Kiswahili chako hakina utamu wa Pwani, acha kufuta. Nina neno nawe.

Tumekuzwa tukiamini kwamba lugha nzuri ina kwao, na kwao si huku. Ni Tanga, ni Mombasa, ni Unguja. Sisi wa Mara tunasemwa kuwa na ndimi nzito, eti hata tukisalimiana mgeni anadhani tunagombana. Mtoto wa Bunda anaingia sekondari, Kijita au Kiikizu bado kinasikika mdomoni mwake, anachekwa darasani, na tangu siku hiyo anaandika kwa sauti ya mtu mwingine. Insha yake inaanza na jua lililochomoza na ndege walioimba matawini. Muulize ni ndege gani, hana jibu. Hakuwaona. Aliwakuta kwenye insha ya mwenzake, na mwenzake naye aliwakuta kwingine.

Huko ni kunakili, na umri wako hautoshi kuupoteza kwa kunakili.

Ukitaka mfano wa asiyenakili, toka Bunda mjini, shika barabara ya Kisorya, panda kivuko, shuka Rugezi. Uko Ukerewe, ng'ambo tu ya kwetu. Kisiwani humo alizaliwa Aniceti Kitereza, mwaka 1896, aliyeandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliopendana huku wakikosa mtoto na wakwe wakichoka kungoja. Aliimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Hakuitupa pia; aliigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Mwaka uliofuata alifariki. Ukiisoma utakuta namna pombe ya ndizi inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu aliyesimama pale akitazama mikono ya watu. Nani wa Pwani angeweza kumwandikia hayo?

Na kisiwa hichohicho, kijiji cha Namagondo, kikamtoa Euphrase Kezilahabi. Riwaya yake ya Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 ilizua kelele, ikapigwa marufuku shuleni, maana ilisema waziwazi mambo ya wasichana na wazazi na walimu ambayo watu walizoea kuyanong'ona. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wajuzi wa ushairi wa kimapokeo walimjia juu: hayo si mashairi, walisema. Naye hakurudi nyuma. Aliendelea na lugha ya kila siku, sentensi fupi, picha za ziwa na za kijiji, hadi riwaya za Nagona na Mzingile zilizowaacha hata mashabiki wake wakikuna vichwa. Alipofariki mwaka 2020, mashairi huru yalikuwa yamekwishapata nafasi yake katika fasihi ya Kiswahili, na wanafunzi wanayafanyia mitihani. Kile alichoambiwa ni kosa ndicho kilichokuwa sauti yake.

Sasa rudi huku kwetu, Butiama. Julius Nyerere alizaliwa pale mwaka 1922, lugha ya mama yake ikiwa Kizanaki, na elimu ya darasani aliianzia Mwisenge, hapahapa Musoma. Kiswahili alijifunza. Hata hivyo ni nani Tanzania hii asiyeitambua sauti yake kwa sentensi mbili tu? Anauliza swali, analijibu, analirudia neno lilelile mpaka limekaa, kisha anakupeleka hatua ya pili akiwa amekushika mkono. Soma Tujisahihishe, kijitabu cha mwaka 1962. Maneno yake ni ya kawaida kabisa, mkulima anayaelewa na profesa hapati pa kuyapinga kirahisi. Tangu akiwa mwanafunzi Makerere tabia hiyo ilikuwepo: alichukua mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill juu ya wanawake, akayapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki aliowajua nyumbani kwao. Alisoma cha mbali, akaandika cha kwao.

Lakini usinielewe vibaya, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Sauti yako si kisingizio cha uvivu. Nyerere huyohuyo aliikalia tamthilia ya Shakespeare, akaitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, hakuridhika, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Akiwa rais! Ana nchi nzima mezani, na bado anarudia mistari. Na mwaka 1996, mzee aliyestaafu akiishi kijijini, akatoa tenzi za Enjili, zenye vina na mizani inavyotakiwa. Kanuni alizijua. Zijue na wewe. Jifunze sarufi, wasome Shaaban Robert na washairi wa Lamu, kopa kwao nidhamu. Usikope koo.

Sasa twende Mwigobero, hapa Musoma, asubuhi, tufanye kazi. Kijana mmoja ataandika hivi: wanawake wa Musoma ni wachapakazi hodari wanaojituma usiku na mchana kuinua uchumi wa familia zao. Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini sentensi hiyo unaweza kuihamishia Iringa, Lindi au Kigoma na hakuna atakayeshtuka. Mwingine ataandika hivi: mama anainama, anageuza dagaa juu ya wavu, anatazama wingu upande wa ziwa, mvua ikimwahi, mtaji wa wiki umeoza. Huyu amesimama pale. Anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hulala, kwa hiyo mama huyu anahesabu mwezi kuliko anavyohesabu tarehe. Hakumsifu mama hata kidogo, na sisi tumeshamheshimu.

Hiyo ndiyo kazi ninayokudai. Ukali wa mdomo wetu, ule wa kusema jambo moja kwa moja bila kulizungusha, ni mali. Kule kwingine watu wanalipia mafunzo ili waandike sentensi iliyonyooka. Wewe umezaliwa nayo. Bibi yako anaposimulia ugomvi wa mipaka ya shamba, sikiliza anapokata pumzi, anaporudia neno, anaponyamaza ili uogope. Huo ni mtindo. Uandike. Neno la Kikurya au Kijaluo likija lenyewe kwenye mdomo wa mhusika wako, liache likae. Msomaji wa Mtwara ataelewa kwa mtiririko, na asipoelewa atauliza.

Watakucheka? Watakucheka. Kezilahabi walimkana, Kitereza walimsubirisha miaka thelathini na mitano. Hawakubadilisha sauti ili wapendwe mapema.

Basi usiku wa leo andika ukurasa mmoja juu ya kitu ulichokiona mwenyewe, Musoma, Bunda, Butiama, popote ulipo. Futa kila sentensi ambayo ungeweza kuikuta kwa mtu mwingine. Andika tena. Kesho msomee kwa sauti mtu wa nyumbani kwako, mama, kaka, jirani. Akikuambia, "Hapo nimekusikia wewe," anza ukurasa wa pili, na usimwombe mtu yeyote ruhusa.