Jina la Timu ni la Nani?

Katika kisiwa cha Annette, kusini-mashariki mwa Alaska, upo mji mdogo wa wavuvi uitwao Metlakatla. Mgeni hufika huko kwa meli au kwa ndege ndogo. Wakazi wake wengi ni Watsimshian, ambao wazee wao walihama kutoka British Columbia, Kanada, mwaka 1887 pamoja na mmisionari William Duncan. Mwaka 1891 Bunge la Marekani likawatengea kisiwa hicho. Watu hawa wanaishi kwa samaki, na majira ya baridi wanaishi kwa mpira wa kikapu.

Wavulana wa sekondari ya hapo huitwa Chiefs, yaani Machifu. Wasichana huitwa Miss Chiefs, Mabinti Machifu. Mwalimu wa lugha hatakosa kutabasamu, kwani maneno hayo mawili yakitamkwa haraka husikika kama neno la Kiingereza lenye maana ya utundu.

Lakini yafaa tujiulize: ni nani mwenye haki ya kuwapa wengine jina? Mwaka 2020 timu ya Washington ya futiboli ya Kimarekani iliacha jina lililowataja wenyeji wa nchi ile kwa rangi ya ngozi zao, baada ya malalamiko ya miaka mingi. Mbona basi Machifu wa Metlakatla wasilaumiwe? Sisi twaona kuwa tofauti ni kubwa. Washington walijivika jina la watu wengine. Mtoto wa Metlakatla amevaa cheo cha babu zake.

Habari ya wasichana haijaisha kwa jibu hilo. Jina lao limekatwa katika kitambaa cha kaka zao, na hapa hatuna haki ya kuwacheka wageni. Kenya ina Harambee Stars, na wanawake wakaitwa Harambee Starlets, yaani vinyota. Rwanda ina Amavubi, manyigu. Wanawake wakaongezewa kipande cha Kiingereza, wakawa She-Amavubi. Tanzania ilitenda vema zaidi: wanaume ni Taifa Stars, wanawake ni Twiga Stars, na hakuna awezaye kusema kwamba twiga ni taifa lililopunguzwa kimo.

Tena Kiswahili hakituachii udhuru. Chifu ni chifu, awe mume au mke. Tunapofasiri Miss Chiefs kuwa Mabinti Machifu tumeongeza neno ambalo sarufi yetu haikulidai, na utani wenyewe umetuponyoka njiani.

Huenda wasichana wa Metlakatla wakiulizwa watasema wanalipenda jina lao. Utundu si silaha haba uwanjani. Basi na waulizwe. Na sisi, tunapoandika ubaoni jina la timu ya wasichana wetu kwa kubandika neno moja tu mbele ya lile la wavulana, je, tumewahi kugeuka kuwatazama nyuso zao?