Dawa Inayomlinda na Mwenzake

Kampeni za mwanzo za UKIMWI zilitutisha, na wakati ule zilikuwa na sababu: dawa hazikuwepo, na aliyekutwa na virusi vya UKIMWI (VVU) alirudi nyumbani kusubiri kifo. Tiba imebadilika, hofu imebaki palepale. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052, uliofuatilia jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, Kisumu ikiwa miongoni mwa vituo vyake, ulionyesha kwamba kuanza mapema dawa za kufubaza virusi (ARV) hupunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Maambukizi machache yaliyotoka kwa mwenza aliyekwisha kuanza dawa yalitokea pale virusi vilipokuwa bado havijafubazwa, ama kwa sababu ndiyo kwanza ameanza, ama kwa sababu dawa zilishindwa kufanya kazi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka bila kuzunguka: anayemeza dawa kama inavyotakiwa, na virusi vyake havionekani kwenye kipimo, hawezi kumwambukiza mwenza kwa kujamiiana. Habari nzito namna hii ingestahili kupigiwa mbiu. Badala yake hunong'onwa.

Wanaonong'ona wana hoja. Wanahofia kwamba watu wakishajua watatupa kondomu, na ni kweli ARV hazizuii kisonono, kaswende wala mimba isiyotarajiwa. Lakini kuficha ukweli hakujamvalisha mtu kondomu. Na ndani ya ndoa (tuwe wakweli) kondomu ni mgeni wa nadra, hata mmoja anapokuwa na virusi na mwingine hana. Kwa wenza hao, kumeza dawa bila kuruka ndiyo kinga inayotekelezeka kila siku, nao hawawezi kuitegemea kinga ambayo hawajaambiwa kuwa ipo.

Tazama pia mnyororo wa kupima, kuanza dawa na kufubaza virusi unakatikia wapi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022–2023 ulikuta kwamba kati ya watu wazima 100 wanaoishi na VVU, takriban 83 walikuwa wanajua hali zao. Waliojua, karibu wote walikuwa kwenye dawa, na wengi mno kati yao virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Tatizo kubwa basi liko kabla ya kliniki, kwa yule asiyetaka kupima, hasa mwanamume, kwa kuwa anaamini majibu yatamnyang'anya ndoa na uzazi. Kumtisha zaidi ni kumsukuma mbali zaidi na kipimo.

Ukweli kwamba aliyefubaza virusi hamwambukizi mwenza una masharti, nayo yasemwe kwa sauti ileile. Kwa mama anayenyonyesha, dawa hupunguza sana hatari ya kumwambukiza mtoto bila kuimaliza. Zaidi ya hayo, hakuna anayejua kwamba virusi vyake vimefubazwa bila kupimwa wingi wa virusi, na majibu yanayochelewa kwa miezi hayamsaidii yeye wala mwenzake. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, swali la nani atalipia kipimo hicho limehamia kwenye bajeti zetu wenyewe.