Kitabu cha Kwanza Hakipo

Mwezi uliopita kikundi chetu cha kusoma, hapa Katwe, kilipata sanduku la vitabu vya Kiswahili. Ndugu mmoja alikuwa Dar es Salaam, akavibeba kwa basi mpaka Kampala. Tulifurahi sana, mpaka tulipofungua. Njama ya Elvis Musiba ilikuwemo, na Hofu pia ilikuwemo. Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ambayo ndiyo inaanza safari zote za Willy Gamba, haikuwemo. Cha Muhammed Said Abdulla kilikuwa kimoja tu, Kosa la Bwana Msa, cha mwaka 1984. Mzimu wa Watu wa Kale, ambacho kilitoka 1960 na ndicho kilichotuletea huyo Bwana Msa, hola.

Mwalimu akafunga sanduku. Tunamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha Uvira miaka mingi. "Mimi sitasoma kitabu yenye haina mwanzo," akasema. "Ni kama kuingia kwa batu bila kupiga hodi." Dada mmoja anayetembeza vitenge akamjibu palepale: "Mwalimu, sisi bitabu tunasoma vile binatufikia. Tukingoja ile ya kwanza tutazeeka." Jumamosi mbili zikapita tukibishana, na vitabu vimelala ndani ya sanduku. Watu wa kusoma, bila kusoma!

Mwanzoni niliona ni ubishi wa wavivu. Baadaye nikaona kuna swali la kweli ndani yake. Je, tuna deni kwa mwandishi, kufuata njia aliyoipanga? Na kama hatuna kwa mwandishi, tunalo kwa nani?

Kwa Willy Gamba jibu ni jepesi. Huyo ni mpelelezi. Anatumwa, anapigana, anarudi, kesi imefungwa. Kitabu kinachofuata anaanza kazi nyingine na nguvu zake zilezile. Ni shanga kwenye uzi, unaweza kuanza kuhesabu popote. Kwa Bwana Msa ni karibu hivyohivyo, lakini si hivyo kabisa. Fikiri tu lile jina, Kosa la Bwana Msa. Kosa la nani? Kwa mtu ambaye hajawahi kumwona Bwana Msa akipatia, kukosea kwake kuna uzito gani? Jina lenyewe linamdai msomaji awe ameshamfahamu mzee huyo kabla. Hapo Mwalimu alinishinda, na nilimwambia.

Lakini kuna vitabu vya namna nyingine, vinavyofuatana kama maji ya mto, na hapo ndipo mimi nina ushahidi wangu. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepewa Nobeli mwaka 2021, aliandika Paradise mwaka 1994. Ni habari ya kijana Yusuf, ambaye baba yake anamtoa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Mwisho wa kitabu kijana anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Kitabu kinaishia hapo, naye bado anakimbia. Miaka 26 baadaye, 2020, Gurnah akatoa Afterlives. Ndani yake kuna Hamza, kijana mwingine aliyetolewa kwa tajiri kwa deni, akatoroka akawa askari wa Wajerumani, akarudi pwani anachechemea. Jina si lile, lakini msomaji anahisi kwamba njia ni ileile, inaendelea kutoka pale iliposimama.

Mimi nilivisoma kinyume. Afterlives niliazimwa kwa Kiingereza, siku chache tu, nikasoma usiku kwa simu ya kumulika. Paradise niliipata baadaye ikiwa tayari Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Kwa hiyo kabla sijamjua mtoto, nilikuwa nimeshamjua askari. Nilijua mguu wake mbovu, nilijua aliyemjeruhi ni mkubwa wake mwenyewe wa Kijerumani. Halafu ndiyo naanza kusoma habari za mtoto mzuri anayependwa na kila mtu, anayelilia kwao, anayetunza duka. Kila ukurasa ulinitia hofu. Wale waliosoma kwa mpangilio walifika mwisho wa Peponi wakajiuliza, atakwenda wapi huyu? Mimi nilikuwa najua msafara ule unaelekea wapi. Nilitaka kumshika shati.

Nani alisoma vizuri zaidi, wao au mimi? Kwa raha, wao. Lakini nitasema kitu ambacho hakinipi sifa. Sisi tuliotoka Kivu, vijana wenye bunduki tumewajua kama nilivyomjua Hamza kwanza. Tumekutana nao wakiwa tayari askari. Utoto wao hatukuuona, wala hatukuutaka. Kuna mmoja alitoka mtaa wetu, akaenda na kikundi, na miaka miwili iliyopita nilimwona hapa Kampala, karibu na Nsambya, anasukuma toroli la maji. Nilivuka barabara. Sikumsalimu. Nilikuwa nimesoma sura yake moja, ile mbaya, na nikaona inatosha. Kilichonifanya nilale bila usingizi si mahubiri ya mtu. Ni kusoma Peponi nikiwa natoka mwisho. Kusoma kinyume kulinilazimisha kumpa utoto mtu ambaye nilishamhukumu. Sisemi hana hatia. Sijui alifanya nini, na pengine alifanya. Nasema nilitoa hukumu kwa kitabu ambacho sikukisoma.

Niliposema haya kwenye kikundi, nilidhani nimeshinda. Mwalimu akanyamaza kidogo, halafu akatueleza jambo ambalo amenipa ruhusa kuliandika. Alipofika Uganda aliitwa kwenye ofisi moja kueleza kwa nini alikimbia. Wakamwambia aanzie mwanzo. Yeye akaanza na mazishi ya ndugu yake, kwa sababu hilo ndilo lililomkaa kooni. Kutoka hapo akarudi nyuma, akaruka mbele, akarudi tena. Mara ya pili alipoitwa alijipanga, akaeleza kwa tarehe. Wakaweka karatasi mbili pamoja, wakaona hazifanani. Jibu lilikuwa hapana. Alikata rufaa, akangoja muda mrefu sana kupata jibu lingine.

"We uko na raha ya kuanzia mwisho," akaniambia, "kwa sababu hakuna mutu anakuuliza tarehe."

Sikuwa na jibu, na sehemu ya neno lile bado sina. Ni kweli: mwandishi mkubwa akianza katikati anapewa tuzo, mkimbizi akianza katikati anaitwa mwongo. Riwaya nyingine ya Gurnah, By the Sea ya 2001, mzee Saleh Omar anatua uwanja wa Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, anajifanya hajui Kiingereza. Habari ya kwa nini inakuja polepole, vipandevipande, na kipande kingine kiko mdomoni mwa mtu mwingine. Wasomaji wa dunia nzima wamemvumilia. Mpeleke mzee huyo mbele ya meza ya Mwalimu, uone kama atavumiliwa.

Na hata huo mwanzo, ni upi? Muulize mtu wa Goma. Mmoja atasema 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia. Mwingine 1996, vita vya kwanza. Mwingine 2012, M23 walipouchukua mji, na mtoto wake atasema Januari 2025, walipouchukua tena. Wote wanatoka mji mmoja, na hakuna anayedanganya. Gurnah naye, ukitaka kumsoma kwa mpangilio, uanzie Memory of Departure ya 1987. Lakini anayesoma Kiswahili peke yake alianzishiwa na Peponi, riwaya ya nne, na aliipata wakati riwaya kumi zimeshatoka. Hakuchagua kuanzia hapo, ndicho kilichomfikia, kama alivyosema dada wa vitenge.

Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu, na Mwalimu hajaukubali wote. Mwandishi hatudai mpangilio. Akishauza kitabu amekiachia njia. Lakini anayeanza katikati ameingia deni, la kurudi nyuma siku ya kwanza akipata nafasi, na kabla ya siku hiyo asitangaze kwamba anamjua mtu. Mwalimu ananiuliza, kama kitabu cha kwanza hakipatikani kabisa? Basi nasema deni linabaki, na mdomo unabaki umefungwa. Yeye anasema deni lisilolipika ni maneno tu. Hapo ndipo tulipofika.

Yule kijana wa toroli nimemtafuta mara mbili Nsambya. Wanasema amehamia upande wa Masajja.

Jumamosi iliyopita tulianza Njama. Dada alisoma kwa sauti. Mwalimu alikuja, akakaa karibu na mlango, ana daftari la shule magotini. Kila Willy Gamba alipotaja jambo la zamani, Mwalimu aliandika kitu. Jioni nilichungulia. Yalikuwa maswali saba, na juu yake ameandika: Ya kuuliza Kufa na Kupona.