Vipimo Viwili Ndani ya Nyumba Moja

Soma kwa ajili ya somo hili: Kumbukumbu la Torati 25:13–16; Mambo ya Walawi 19:13; Mathayo 20:1–15; Yakobo 5:4.

Chukua mfano wa mzee mmoja wa Kibosho mwenye kihamba cha migomba na kahawa, na ng'ombe wawili wa maziwa. Mwaka 2013 alimwajiri kijana wa kukata majani na kukamua kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, kiasi ambacho amri ya mshahara ya mwaka huo ilikiweka kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa shamba. Kila mwisho wa mwezi amelipa bila kuchelewa wala kukata. Mwaka 2022 bado analipa shilingi 100,000. Akiulizwa, husema dhamiri yake ni safi: walipatana, naye ametimiza. Je, ametimiza?

Mbele ya sheria ya nchi hana kosa. Kima hicho hakikubadilishwa hadi Januari 1, 2023, kilipofikishwa shilingi 140,000. Lakini katika miaka hiyo tisa na nusu bei hazikusimama. Mfumuko wa bei ulikuwa kati ya asilimia 3 na 8 kwa mwaka. Ukiutazama mwaka mmoja peke yake, ni kitu kidogo. Ukiupanga mwaka juu ya mwaka, bidhaa zilizonunuliwa kwa shilingi 100,000 mwaka 2013 zilikaribia shilingi 150,000 mwishoni mwa 2022. Kwa hiyo hata nyongeza ilipofika haikumrudisha kijana pale alipoanzia, wala hakuna aliyemfidia miaka aliyopungukiwa. Kabla mwaka 2023 haujaisha, nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 nayo ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600.

Sokoni Mbuyuni, mnunuzi mzoefu huitazama sado ya muuza maharage kabla ya kutoa fedha, maana iliyobonyea chini hupunja. Shilingi nayo ni kipimo. Mzee wa Kibosho hakuibonyeza yeye. Imebonyea yenyewe mikononi mwake. Lakini maziwa yake hauzi kwa bei ya mwaka 2013. Pumba zikipanda, naye hupandisha. Anapouza ana kipimo kinachofuata soko. Anapolipa ana kipimo kilicholala. Hilo ndilo Musa alilolikataza: kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo, ndani ya nyumba moja. Labani alimdhulumu Yakobo kwa kuubadili mshahara wake mara kwa mara (Mwanzo 31:7). Kumbe mtu aweza pia kudhulumu kwa kutoubadili.

Wengine hujibu kwa mfano wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba aliwakumbusha walionung'unika kwamba walikuwa wamepatana dinari moja. Ni kweli, na mapatano ni ya kuheshimiwa. Lakini angalia aliyatumiaje. Dinari ilikuwa ujira wa kutwa, riziki ya nyumba kwa siku. Wale wa saa kumi na moja hakupatana nao kiasi. Angeweza kuwapa sehemu ndogo tu ya dinari na asishtakiwe. Aliwapa riziki ya siku nzima. Kwake mapatano yalikuwa mwanzo wa haki, si mwisho wake. Anayeutumia mfano huo ili alipe pungufu ya riziki amesimama mbali na mwenye shamba.

Ipo hoja nyingine, nayo ni nzito: mwajiri naye amebanwa. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilikaa shilingi 300,000 tangu 2015 hadi Julai 2022 kilipofika 370,000, na Julai 2025 kikawa 500,000. Mwalimu au muuguzi wa Moshi aliyeipitia miaka hiyo anajua mshahara unavyoweza kuisha kabla ya nusu ya mwezi. Lakini nyumbani mwake huenda yupo binti wa kazi anayelala humo humo, ambaye kima chake cha kisheria kilikuwa shilingi 40,000 tangu 2013 hadi kilipofika 60,000 Januari 2023. Januari 2026 vima vya sekta binafsi vimepanda tena, kwa wastani wa asilimia 33.4. Mtumishi aliyeshangilia nyongeza yake na kuisahau ya binti huyo asome tena Mathayo 18:23–35.

Asiyeweza kwenda zaidi ya kima cha sheria hahukumiwi kwa kile asichokuwa nacho (2 Wakorintho 8:12). Bado anaweza kuketi na binti huyo, kumweleza ukweli wa mapato ya nyumba, na kumpunguzia saa za kazi. Tena anaweza kukiri kwamba pengo hilo ni mchango wa binti kwa nyumba ile, si fadhila ya nyumba kwa binti. Amri ya nne inamtaja mtumishi pamoja na wana wa nyumba (Kutoka 20:10). Binti anayeketi kanisani siku ya Sabato huku akihesabu kama zilizobaki zitatosha kumtumia mama yake, mikono yake imepumzika, lakini moyo wake bado uko kazini.

Maswali ya Kujadili

1. Ni lini mara ya mwisho mshahara wa anayekutumikia kuangaliwa upya? Katika muda huo, bei ya unachouza, au kodi ya nyumba unayopangisha, imebadilika mara ngapi?

2. Yakobo 5:4 husema juu ya ujira uliozuiliwa. Je, ujira uliolipwa wote lakini umeishiwa nguvu waweza nao kulia? Toa sababu.

3. Kanisa lenu linamlipa mlinzi au mfanya usafi? Ni nani katika baraza mwenye wajibu wa kuuliza kama malipo hayo bado yanatosha?