Dawa ya Kikohozi: Ya Mtoto au Yetu?



Mtoto wa miezi minne akianza kukohoa usiku, mama humweka begani, naye baba hugeukia ukuta. Kesho yake baba hupitia duka la dawa, akarudi jioni na chupa ya dawa tamu, akaiweka mezani na kusema, "Haya, dawa ndiyo hiyo." Huona ametimiza wajibu wake. Je, ametimiza?

Kwanza tujue kikohozi ni nini. Ni njia ya mwili kusukuma makohozi nje ili mapafu yabaki safi. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na hakuna dawa ya dukani inayoyaponya. Huisha yenyewe, ingawa kikohozi chaweza kukaa wiki mbili au zaidi. Dawa za maji za kikohozi hazimfai mtoto mchanga, na nyingine humlevya usingizi au kumpunguzia pumzi. Mwaka 2008 wakuu wa dawa nchini Marekani walionya kwamba zile za dukani asipewe mtoto wa chini ya miaka 2. Na mwaka 2022 huko Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa kwa kuharibika figo, na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo juu ya dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na sumu.

Basi tukimnywesha mtoto ili anyamaze, tumemtendea nani wema? Mara nyingi tunajinunulia usingizi wetu. Sisemi usingizi ni dhambi. Aliyebeba mifuko ya saruji mchana kutwa lazima alale. Lakini mtoto kunyamaza si mtoto kupona, na mzazi aseme kweli moyoni mwake anatafuta lipi.

Kinachomsaidia mtoto ni cha bei ndogo, ila kinataka mtu aliye macho. Anyonye mara nyingi, kidogo kidogo, kwa sababu pua iliyoziba humfanya aachie titi. Kabla ya kunyonya asafishwe pua: robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, matone mawili matatu kila tundu, kisha kamasi ipanguswe kwa kitambaa safi. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku. Akiwa macho abebwe wima. Akilala alazwe chali, bila mto. Jiko la makaa litoke chumbani, na sigara ya baba ifuatane nalo. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1, hata nyanya akisisitiza, maana yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Mafuta ya kafuri asipakwe. Na wanaompeleka mtoto kukatwa kimio, ile nyama ndogo inayoning'inia kooni, wanamtia jeraha la bure.

Sasa kazi hiyo mtu mmoja ataifanyaje usiku kucha? Siku ya harusi padre aliwauliza nyote wawili kama mko tayari kuwapokea watoto kwa upendo. Hakumwuliza bibi harusi peke yake. Baba hana titi lakini ana mikono: achemshe maji, ambebe mtoto saa nane za usiku ili mama apate kulala kidogo. Nawe mama, usimfukuze kwa kusema wanaume hawajui. Atajuaje, ikiwa hakabidhiwi mtoto?

Iko kazi inayomfaa baba hasa, nayo ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, shika saa, hesabu dakika 1 nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, au 50 na zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, ni za haraka mno. Yaweza kuwa nimonia. Apelekwe hospitali. Na kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila avutapo pumzi, au ameshindwa kunyonya, amelegea, midomo imegeuka buluu, au amepata degedege, msingoje kupambazuke. Aliye chini ya miezi 3 akiwa na homa, vivyo hivyo. Chanjo ya nimonia, ambayo Kenya inawapa watoto tangu 2011, hupunguza hatari lakini haiimalizi.

Hapa ndipo penye uchungu. Mama anaona mbavu zinaingia, bwana yuko safarini, simu imezimwa, na pesa ziko mfukoni mwake. Mama anangoja ruhusa. Wapo wanaosema mume ni kichwa cha nyumba, na mimi sibishani nao. Nauliza tu, kichwa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nini? Kama ni kwa kuulinda uhai ndani ya nyumba, ruhusa inayomchelewesha mtoto inapingana na mamlaka yenyewe.

Basi kubalianeni leo, mtoto akiwa mzima. Nauli ya boda boda iwekwe mahali mama anapopajua, isiguswe kwa ajili ya sukari wala deni. Saa ikifika, mama aondoke bila kumwomba mtu. Naye baba akipata habari amfuate hospitalini, na akifika aanze kwa kuuliza hali ya mtoto.